Jibu: Chekechea ya kijiji Langobaya

Dada, umeuliza kama kijiji chenu huko Langobaya kinaweza kuanzisha chekechea ya karo nafuu, maana watoto wanaingia gredi ya kwanza hawajawahi kushika penseli. Kinaweza, ila msijitwike mzigo wa kaunti. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Pelekeni barua kwa mwakilishi wadi na ofisi ya elimu Kilifi, pamoja na orodha ya watoto wa miaka 4 na 5. Bila majina mtaambiwa subirini bajeti (na hata mkiwa na majina, mjiandae kusubiri).

Wakati huo, igeni chekechea za madrasa zilizoanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan: kina mama wa mtaa walifunzwa ualimu, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vya hapo hapo. Vifuu, vizibo vya soda, kokwa za maembe, mtoto anahesabu. Madawati yasiwaumize kichwa, mkeka unatosha. Pesa ziende kwa mwalimu na uji. Mwenye njaa hasikii hata hadithi. Mwalimu aanze kwa Kigiriama, Kiswahili kiingie polepole. Choo kichimbwe kabla hamjafungua.