Anatoka soba hausi mwezi ujao: bodaboda au methadoni?

SWALI: Shikamoo. Mdogo wangu alikuwa akivuta unga (heroini), sasa anamaliza miezi sita soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, na anarudi nyumbani Temeke. Mama anataka kumnunulia bodaboda aanze kazi mara moja. Mimi nafikiria methadoni, ile dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa unga, ila mjomba anasema huko ni kuacha unga na kushika unga mwingine. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Kabla ya hayo yote, kuna jambo nyumba nzima ilijue. Mwili wake umeshausahau unga. Kiasi alichokuwa akivuta zamani na kuendelea na shughuli zake, leo kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya soba, au baada ya gereza, ni za hatari kuliko hata zile za arosto, yaani maumivu ya kuacha unga. Mkimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida, pumzi zinakuja mojamoja, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali, mkaseme wazi ametumia nini. Dawa ya kumzindua ipo, inaitwa naloksoni. Mambo ya kumnywesha maziwa au maji ya chumvi acheni, yatampalia.

Mjomba amekosea. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hudumu saa 24 au zaidi, na aliye kwenye dozi yake sawasawa halewi. Anakwenda kazini badala ya kusaka kete za unga. Muhimbili wanaitoa tangu 2011, na Temeke kwenu kliniki ipo. Lakini na wewe usiharakishe: aliyekaa miezi sita bila unga haanzishiwi hivihivi, maana methadoni yenyewe inaweza kumzidi. Mpelekeni wampime, waamue wao. Akiteleza, arudi kliniki siku hiyohiyo, msianze vikao vya ukoo.

Bodaboda, mama asubiri. Hela mkononi kila jioni, na abiria wa kumpeleka hadi mlangoni pa maskani yake ya zamani! Ningekuwa mimi, ningemtafutia fundi anayeijua historia yake, alipwe kwa wiki, na mwanzoni akubaliane nanyi nani atamtunzia hela. Akubaliane, si alazimishwe.

Halafu simu ikipotea hapo nyumbani, na siku moja itapotea, itafuteni kwanza kabla ya kumgeukia yeye.