Usingoje hiyo miezi mitatu, ondoka dagoni leo

Wewe kijana wa Tumbe, Pemba, uliyeko dagoni, kambini kwa wavuvi, umesema kondomu ilipasuka Jumamosi saa tano usiku, na yule bibie hali yake huijui. Leo Jumatatu asubuhi unatuuliza ungoje miezi mitatu ndipo ukapime, au ununue kipimo cha mate, umwambie mkeo au unyamaze, na kama ni kweli dawa zinaharibu ini. Usingoje! Kuna dawa inaitwa PEP, inazuia virusi vya ukimwi (VVU) visishike mwilini baada ya tukio kama lako, na mwisho wa kuianza ni saa 72 tangu tukio. Kwa hesabu yako ni kesho Jumanne saa tano usiku. Wala hiyo si ruhusa ya kustarehe mpaka kesho. Kadiri unavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua, kwa hiyo nenda sasa hivi, na nguo hizo hizo zinazonuka samaki.

Nina hasira, lakini hasira yenyewe si yako. Mimi yalinikuta hayo hayo nikiwa dagoni upande wa Unguja, kabla sijaoa. Tofauti ni kwamba kondomu yangu haikupasuka, maana haikuwepo. Asubuhi yake nikaingia duka la dawa mjini, nikamnong'oneza muuzaji huku nyuma yangu kuna mama anataka panado. Bwana yule ana koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, ungedhani profesa. Akanihesabia vidonge vya rangi mbili akanambia, "Hivi vinaosha damu. Kisha kapime, ukitoka safi basi, maliza habari." Akanirudishia chenji yangu na kunionya nisile pilipili.

Pilipili, jamani!

Vile vidonge vilikuwa antibayotiki. Vinaua bakteria, na ukimwi unaletwa na kirusi, havijuani kabisa. Kilichopona ni jipu langu la mguuni, ambalo hata sikumuuliza. Nami nikatii kila neno. Siku ya pili nikapima, jibu likaja hasi, jioni nikenda Forodhani kujipongeza kwa mishkaki.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo unapotaka kuingia wewe. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza baada ya virusi kuingia. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana, na kwa wengine hufika miezi mitatu. Kupima siku ya pili ni sawa na kulipandisha dema dakika ile ile uliyolizamisha, ukasema bahari haina samaki. Yule muuzaji alinipeleka kwenye kipimo kisichoweza kusema lolote kuhusu usiku ule, nami nikakiamini kuliko kiapo. Ile karatasi ya "hasi" niliitia kwenye nailoni isirowe, nikawa natembea nayo kwenye pochi.

Wiki chache baadaye homa, tezi shingoni, vipele kifuani. Nikasema malaria. Wakapima malaria, hamna. Nikasema basi ni uchovu wa nyavu, na homa ikaondoka yenyewe. Kumbe wakati huo ndipo virusi vinapojaa damuni sana, mtu anaambukiza kwa wepesi huku pochi yake inamsifu kuwa safi.

Nilipokuja kupima tena na kuambiwa nina VVU, mshauri akaniuliza siku ile nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa duka la dawa, asubuhi yake tu. Alivua miwani akanyamaza. Dawa ilikuwapo hospitali ya serikali, bure, mwendo wa miguu kutoka pale niliposimama kuhesabu chenji. Yule bwana angesema neno moja tu, "hospitali", basi! Bado yupo, bado ana koti. Mimi hata panado nanunua duka la jirani yake.

Usinipe pole, sitaki. Nameza kidonge kimoja kila siku, virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wake, na mtu aliyefika hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mke wangu anajua kila kitu na hana virusi. Lakini mimi nitameza maisha, na wewe unaogopa kumeza siku 28. Ndiyo, PEP ni siku 28 tu, bila kuruka na bila kuacha katikati kwa sababu umejisikia vizuri. Virusi vikiingia havienei mwili mzima papo hapo, vina siku mbili tatu za kujijenga kwanza, na dawa inavizuia kujizalisha katika muda huo. Ukichelewa, inamkuta mwenye nyumba keshahamia.

Ini? Watakupima damu, na homa ya ini B wataiangalia kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaigusa. Kichefuchefu kidogo au usingizi wa mang'amung'amu unaweza kuupata. Watakupima na VVU kwanza wajue kama ulikuwa navyo tangu zamani. Yule bibie hana haja ya kuletwa. Siku hizo zote kondomu na mkeo, mpaka kipimo cha mwisho kitoke hasi, na hiyo miezi mitatu yako utapima baada ya dawa, si badala yake.

Na huyu aliyekujibu hapo juu kwamba Zanzibar maambukizi ni chini ya asilimia 1 kwa hiyo ulale usingizi: sheikh, mimi ndiye hiyo chini ya asilimia 1, nakusalimu. Hiyo ni hesabu ya visiwa vizima, haikuwa chumbani na huyu kijana Jumamosi.

Hayo mengine uliyouliza nimeshayasahau, na hayana haraka.

Hospitali ya Micheweni ndiyo iliyo karibu na wewe. Usiseme "nataka kupima," watakupanga foleni. Sema "nahitaji PEP, kondomu imepasuka Jumamosi usiku." Ukimkuta shemeji yako koridoni, naye kuna kilichompeleka. Kliniki ikiwa imefungwa ingia kitengo cha dharura. Wakikwambia dawa hamna, panda gari uende Wete au Chake leo leo. Kama nauli huna, nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, nakurushia sasa hivi.