Kwa mnaoanza kazi katika ofisi ya Mstahiki Meya

Wadogo zangu, hivi karibuni nilihudhuria uzinduzi wa vyumba vya madarasa katika manispaa moja, nikaona jambo ambalo nilidhani tulikwisha kulizika. Risala ya wananchi ilisomwa mbele ya Mstahiki Meya bila mtu yeyote wa ofisi yake kuwa ameiona kabla, naye akasimama na kuahidi kila kilichoombwa, kuanzia uzio wa shule hadi taa za barabarani. Umati ulishangilia, na vijana wetu wa habari wakapiga picha kwa furaha. Niliumia, kwa sababu ninajua ahadi ya namna hiyo inakwenda kumfikia nani baadaye: inamfikia mtendaji wa mtaa ambaye hana fungu wala jibu. Ninawapenda ninyi mnaoingia katika kazi hii, na ndiyo maana ninawaandikia kwa ukali kidogo.

1. Jueni mamlaka ya meya yanaishia wapi. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Anaongoza Baraza la Madiwani pamoja na Kamati ya Fedha na Uongozi, lakini afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa matumizi ya fedha, ni Mkurugenzi wa halmashauri. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, umeme ni wa TANESCO, na maji ni ya mamlaka ya maji. Mwananchi haijali mipaka hiyo wala hana sababu ya kuijali, kwani kwake yeye meya ni mkubwa wa mji mzima. Sisi ndio tunaopaswa kuijali kwa niaba yake, na ziara ya mtaani ambayo haina meneja wa TARURA wala mtu wa maji miongoni mwa walioalikwa ni ziara ambayo haijaandaliwa.

2. Risala isomwe kabla ya siku yenyewe. Hapa mniruhusu nikawie, maana jambo hili liligharimu watu ambao hawakuwa na cha kupoteza.

Ofisi niliyoitumikia miaka ya mwanzo iliandaa ziara katika mtaa uliokatwa na korongo. Shule ilikuwa ng'ambo, na kila masika watoto walishinda nyumbani maji yalipojaa. Risala haikuwa ndefu. Iliomba kalavati, na msomaji wake alikuwa mama ambaye mwanawe alikuwa amesombwa na maji, akaokolewa na vijana wa bodaboda. Meya wetu alikuwa mtu wa huruma, na alipopewa nafasi ya kuzungumza aliwaambia kuwa kabla ya masika yajayo watoto wao watavuka pakavu. Wakati huo Baraza lilikuwa limekwisha kupitisha bajeti ya mwaka uliofuata, na njia ile haikuwa hata ya halmashauri kuitengeneza. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na kalamu mkononi. Katika taarifa ya ziara niliandika kwamba Mstahiki alipokea risala na kuwafariji wananchi. Maneno ya ahadi sikuyaandika, kwa kuwa nilidhani ni maneno ya jukwaani, na barua kwa TARURA haikuandikwa na mtu yeyote.

Wananchi waliyachukua maneno yale kama agizo. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, kila kaya ikapangiwa mchango, na wasiokuwa na fedha wakachangia nguvu kazi. Walikusanya mawe na mchanga ukingoni mwa korongo, wakangoja mafundi. Masika yalipofika mchanga wote ulikwenda na maji. Ndipo mwenyekiti alipokuja ofisini akiwa na daftari la shule alilolipigia mistari kwa rula: jina la mkuu wa kaya, kiasi, saini, na kwa wazee wasiojua kuandika, alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Kulikuwa na majina yenye shilingi mia tano mbele yake. Aliliweka juu ya meza yangu, akauliza kwa upole kabisa mafundi wamefikia wapi. Nilifungua jalada la ziara ile mbele yake, na ndani hamkuwa na hata mstari mmoja unaohusu kalavati.

Meya alipoelezwa hakutafuta wa kumsingizia. Alikwenda mwenyewe katika mkutano wa mtaa, bila turubai wala matarumbeta, akawaambia wananchi kwamba aliahidi kitu kisichokuwa katika uwezo wake na akaomba radhi. Kisha ombi likaanza upya mahali lilipopaswa kuanzia, yaani katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, likapanda hadi kwenye Baraza, na kutoka huko likapelekwa TARURA pamoja na muhtasari wa kikao. Kalavati lilijengwa, lakini watoto walikuwa wamepoteza misimu mingine ya masomo wakati karatasi zikisafiri.

Kwa hiyo mwombeni mtendaji wa kata nakala ya risala mapema, pelekeni kila ombi kwa mkuu wa idara anayehusika, na mpeni Mstahiki majibu yaliyoandikwa: hili limo katika bajeti, hili tutalifikisha TARURA, hili haliwezekani mwaka huu. Muwe pia na daftari la ahadi lenye tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa, idara inayohusika na mrejesho uliotolewa, na nakala ibaki kwa mtendaji wa mtaa.

3. Msimpeleke meya katika kata yoyote bila kumtaarifu diwani wake, awe wa chama chochote.

4. Mgeni rasmi akiwa ni Mkuu wa Wilaya, meya anamkaribisha kama mwenyeji na hatoi hotuba ya pili. Hata anapokuwa yeye ndiye mgeni rasmi, hotuba iwe fupi na iandikwe kwa Kiswahili kinachosikika vizuri. Umeya wa nchi hii una asili njema katika jambo hilo, kwani Sheikh Kaluta Amri Abeid, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alikuwa mshairi mahiri. Inasikitisha kuona hotuba za leo zikijazwa orodha ya salamu hadi wazee wanaanza kusinzia kwenye viti vya plastiki.

5. Misiba haingoji ratiba. Kwa familia ya Kiislamu maziko yanaweza kufanyika siku hiyo hiyo, kwa hiyo simu ya balozi wa nyumba kumi au ya mwenyekiti wa mtaa ipokelewe hata alfajiri. Mtafuteni msemaji wa familia, hakikisheni jina la marehemu linatamkwa sawasawa, na rambirambi ikabidhiwe kwa mweka hazina wa msiba bila kutangazwa kwa kipaza sauti. Picha zisipigwe mpaka familia iridhie. Nimewahi kuona afisa akimwomba mjane ainue uso ili aonekane vizuri pichani pamoja na mgeni. Mzee mmoja alimshika kijana yule mkono na kumtoa nje ya turubai, nami ninaamini mzee alifanya haki.

6. Mikopo ya asilimia kumi ndiyo shughuli ya kijamii ambayo vijana huiandaa kwa bidii kubwa na kuisahau upesi. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, sheria inatenga asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na siku ya kukabidhi mfano wa hundi kila mtu anataka kuwa karibu na meya. Lakini utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na udhaifu uliojitokeza, vikiwemo vikundi hewa, kisha ukarejeshwa baada ya utaratibu kubadilishwa. Meya anapopiga picha na kikundi, anakidhamini machoni pa watu. Kabla ya hafla, nendeni pamoja na Afisa Maendeleo ya Jamii mkaione cherehani, mabanda ya kuku au mashine ya kukamua alizeti kwa macho yenu, mkaongee na wanachama wote badala ya mwenyekiti peke yake.

Baada ya miezi michache mrudisheni Mstahiki kwenye vikundi hivyo bila bango wala mshereheshaji, akiwa na diwani wa kata na afisa mmoja tu, aulize marejesho yanakwendaje na bidhaa zinauzwa wapi. Ziara hizo zipangeni siku ya gulio, kwa maana siku hiyo ndipo mtakapowakuta wanachama wakiwa kazini.