Hela ya usharika wenu isiingie kwenye sanduku

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Swali lako nimelipata. Usharika wenu huko Minnesota umechanga dola 12,000 kwa ajili ya usharika rafiki wa huku Iringa, na kamati imegawanyika. Wengine wanataka kontena la nguo pamoja na vijana kumi waje kupaka darasa rangi. Wengine wanataka hela iwe mtaji wa vikundi vya kuweka na kukopa. Unauliza lipi kati ya hayo litawatoa watu kwenye umaskini, siyo kuwafurahisha siku moja. Jibu langu ni kwamba yote mawili hayatawatoa, lakini hela hiyo hiyo ikipangwa vizuri inaweza kuzitoa kaya kumi na tano zikabaki zimetoka.

La kontena halihitaji maneno mengi. Mitumba ipo mnadani kila wiki, mafundi rangi wapo na wanatafuta kazi, na nauli ya vijana kumi peke yake inaweza kuzidi mlichochanga. Wakitaka kuja kusalimiana waje kwa gharama yao. Sharika zenu na Dayosisi ya Iringa zimekuwa bega kwa bega tangu 1987, na kutembeleana kuna thamani yake. Kusihesabiwe tu kama msaada kwa maskini.

La vikundi ndilo linalonipa hofu zaidi, kwa sababu linaonekana la busara. Vikundi vya mtindo huu vilianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vikaenea hadi huku kwetu, na makanisa ni kati ya waliovibeba vizuri. Kikundi kizuri kina watu 15 hadi 25 wanaojuana. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila wiki mtu hununua hisa moja hadi tano, na kitabu chake kinagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa, hivyo hata asiyejua kusoma anahesabu mwenyewe. Hela yote huhesabiwa mbele ya wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii, labda shilingi 200 kwa kila mtu kwa wiki, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Baada ya mwaka kikundi kinavunja sanduku na kugawana.

Chukua watu 20, hisa ya shilingi 1,000, kila mmoja akinunua hisa tatu kwa wiki. Kwa wiki 52 ni hisa 3,120, yaani shilingi 3,120,000. Ikiwa riba na faini zimefikisha sanduku shilingi 3,900,000, kila hisa inalipa 1,250, na mama mwenye hisa 150 anaondoka na 187,500. Mgao ukiangukia Novemba, hela inakuta mbolea na mbegu. Ukiangukia Agosti, mara nyingi inaishia kwenye sherehe.

Sasa mwaga dola zenu humo uone. Kinachomfanya mkopaji arudishe ni kwamba hela ni ya jirani yake, na jirani amekaa mbele yake kila Alhamisi. Hela ikija kutoka Marekani haina jirani. Wenye sauti hukopa kwanza na hukopa kikubwa, wengine wakiona harudishi nao wanaacha, na baada ya miezi michache hata akiba zao wenyewe zimekwama mikononi mwa watu. Kikundi kinakufa, na watu hawajiungi tena na kingine kwa miaka. Ndiyo maana nasema hela ya nje ilipe mkufunzi, sanduku na vitabu vya hisa, ikomee hapo.

Kuna mambo mengine yanayoviua vikundi vya kanisani, uyaulizie mapema. Mchungaji asiwe mwenyekiti wala asikope, kwa kuwa hakuna muumini atakayesimama kumdai mchungaji wake. Usharika usikope kwenye sanduku kumalizia paa la kanisa. Zaka isikatwe kwenye mgao. Mtu akipenda kutoa, atoe mwenyewe Jumapili. Mlango uwe wazi kwa Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini, maana njaa haiulizi kadi ya ushirika. Na kikundi kisajiliwe halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne.

Lakini hata kikundi kizuri kina mpaka wake. Utafiti uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba vikundi viliongeza akiba, biashara ndogo na sauti ya wanawake katika maamuzi, ila matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda. Sababu unaiona ukikaa kwenye kikao: maskini kabisa hayupo. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa vibarua vya palizi hana 1,000 ya kila wiki, na anaogopa aibu ya kukosa. Huyo ndiye Benki ya Dunia inayemhesabu chini ya dola 3 kwa siku, kipimo kilichotangazwa Juni 2025. Waeleze wenzako kwamba dola hiyo imerekebishwa kwa bei za kila nchi. Si dola ya duka la kubadilisha fedha. Kwa kipimo hicho dunia ina watu karibu milioni 800 wa aina hiyo, na zaidi ya nusu wako Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa watu kama hao kuna njia iliyoanzishwa na shirika la BRAC nchini Bangladesh mwaka 2002, kisha ikapimwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana. Matokeo yalitolewa 2015: mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kaya zilizosaidiwa kwa wastani bado zilikuwa zinakula na kumiliki zaidi ya zile zisizosaidiwa. Kaya hupewa mali ya kuzalisha, posho ya chakula kwa miezi ya mwanzo, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, na mtu wa kuitembelea kwa muda mrefu. Vinakwenda pamoja. Ukimpa mbuzi bila posho, atamuuza Januari watoto wakikosa unga, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Nikikadiria shilingi 2,500 kwa dola, mna milioni 30. Kwa kaya 15 ningepanga hivi. Mali ya shilingi 450,000 kwa kila kaya, yaani mbuzi majike na kuku, au mtaji wa genge kwa asiyeweza kuchunga: milioni 6.75. Posho ya 30,000 kwa mwezi kwa miezi minane: milioni 3.6. Mtembeleaji mmoja wa kuzizungukia kaya zote kila wiki, 350,000 kwa mwezi kwa miezi 24: milioni 8.4. Mafuta ya pikipiki, 80,000 kwa mwezi: milioni 1.92. Chanjo, dawa na ofisa mifugo: milioni 1.5. Mkufunzi na vifaa vya vikundi vinne: milioni 3. Inabaki kama milioni 4.8 kwa mifugo itakayokufa na bei zitakazopanda. Kamati itaanza kwa kukata posho ya mtembeleaji, ionekane hela nyingi inafika kwa maskini. Kataa. Yeye ndiye anayegundua mbuzi anaharisha, mume anataka kuuza, au mtoto ameacha shule, mambo bado yakiwa madogo.

Kuku ni mfano mzuri wa namna mradi unavyokufa. Kideri, ugonjwa wa kuku, kikiingia kiangazi kinaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ni tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wengi huchanja siku ya ugawaji, picha zinapigwa, na hakuna anayekumbuka mara ya pili. Ichanjwe mitaa yote kwa siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanjwa huendelea kuleta ugonjwa. Mbuzi wakitoka mnadani watengwe siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Ile desturi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe nayo ni ya kanisani. Waumini wa Kanisa la Brethren huko Marekani walianza kutuma mitamba mwaka 1944, na anayepokea humpa mwenzake jike la kwanza litakalozaliwa. Inafaa kwa mbuzi pia, ila subirini kaya ibaki na majike ya kutosha kwanza.

Kuchagua kaya ndiko kwenye dhambi nyingi. Orodha ikiandikwa na mchungaji peke yake ofisini, itajaa wanakwaya na wajukuu wa wazee wa kanisa. Kitongoji kikae, kichore ramani ya nyumba zote ardhini, kila nyumba iandikwe kwenye kadi, na watu wazipange kuanzia mwenye nacho hadi asiye nacho. Fanyeni hivyo kwa makundi mawili, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kisha linganisheni. Halafu mtembeleaji aende kuangalia: wanakula mara ngapi, wanaishi kwa vibarua, wana mfugo wowote? Linganisheni pia na walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mwisho majina yasomwe hadharani, watu wapewe nafasi ya kupinga.

Hela ipitie dayosisi hadi akaunti ya usharika yenye watia saini wawili au zaidi, isitumwe kamwe kwenye simu ya mtu. Kiasi kitangazwe baada ya ibada na kibandikwe ubaoni kwa shilingi. Kabla ya kugawa chochote andikeni milo, mifugo, akiba na watoto walioko shule kwa kila kaya. Pimeni tena mwezi wa 24, na tena mwezi wa 36 wakati hakuna anayetembelea. Hicho cha mwisho ndicho kipimo chenu.

Kuna jambo moja kubwa kuliko hela. Mei 1998 watu kama 70,000, wengi wao wa makanisani, walishikana mikono Birmingham, Uingereza, wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe. Tanzania ilipata msamaha wake Novemba 2001, mwaka huo huo ada za shule za msingi zilipofutwa. Waumini wenu wana wabunge wa kuwaandikia kuhusu chanjo na misaada ya chakula. Wasione kwamba kuchanga kumemaliza.

Zungumza na mkuu wa jimbo la kanisa la huku kwanza, kabla ya kamati yenu kupiga kura. Muulize nani atakuwa mtembeleaji na analala kijiji gani. Akikutajia mtu anayekaa mjini, ombeni mwingine. Kisha nitumie rasimu ya bajeti, niipitie mstari kwa mstari.

Mama yako