Nyumba za Enzi ya Wafalme George: Zungukia Nyuma Kwanza

Ukitafuta nyumba ya kupanga Bath, Bristol au London, huko Uingereza, dalali atakusimamisha mbele ya safu ya nyumba zilizoshikana, sura moja mwanzo mwisho, na utataka kulipa hapo hapo. Usitoe hela hujazungukia nyuma.

Nyumba hizi zilianza kujengwa baada ya 1714, walipotawala kina George wanne mfululizo, na mbele yake palitengenezwa pauzike. Royal Crescent ya Bath (1767–1774) ina nyumba 30 nyuma ya ukuta mmoja wenye nguzo. John Wood Mdogo alisanifu huo ukuta. Huko nyuma kila mnunuzi alijenga atakavyo. Pita uone: paa hili juu, lile chini, madirisha hayalingani.

Madirisha ya mbele yatakuonyesha ghorofa ipi ilikuwa ya nani. Kwa kawaida marefu zaidi yako ghorofa ya kwanza, walikopokelewa wageni; yanafupika kadiri unavyopanda, hadi vyumba vya watumishi chini ya paa. Mimi nakaa huko juu. Kichwa kinagonga dari, lakini kupasha joto lile sebule refu la chini mwezi wa Januari, acha tu!

Jaribu dirisha lenyewe. Hupanda na kushuka kwa kamba zilizofungwa vyuma vizito, vilivyofichwa ndani ya fremu. Likigoma, huenda limegandishwa na rangi au kamba imekatika, fundi atalitengeneza. Usikubali ahadi ya kuwekewa la plastiki: nyingi ya nyumba hizi zinalindwa kisheria, na kuzibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.

Sasa ukuta. Matofali au mawe yake yameshikwa kwa chokaa, kama kuta za Mji Mkongwe kule Zanzibar, na chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huuzuia. Nilikopanga zamani, mwenye nyumba alikuwa ameziba viungo kwa saruji. Plasta ikavimba nyuma ya kabati langu, makoti yakaota ukungu. Ukiona mistari migumu ya kijivu kati ya matofali yanayomenyuka, tafuta kwingine.

La mwisho ni paa, ambalo ukuta wa mbele hulificha makusudi. London mara nyingi limekaa kama herufi V, na gata moja tu katikati. Majani yakiiziba, maji yanaingia darini. Uliza nani huisafisha, na mara ya mwisho ilikuwa lini.