Maswali ya Wasomaji: Amri Mpya Imeharibu Majedwali ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu tunatumia hifadhidata ya PostgreSQL tuliyoiongezea wenyewe amri ya ARCHIVE TABLE. Tulipoandika sarufi yake, tuliliweka neno archive miongoni mwa maneno yaliyotengwa kabisa, yaani yasiyoweza kuwa majina bila nukuu. Sasa watumiaji wenye safu iitwayo archive wanapata kosa la sintaksia kwa maulizo yaliyokuwa yakifanya kazi, na nakala rudufu za zamani hazirejesheki. Je, tuwaamuru wabadilishe majina ya safu zao? – Mwanaprogramu, Mwanza.

JIBU: La hasha, Ndugu msomaji, kwanza itazameni upya sarufi yenu. PostgreSQL huyagawa maneno yake katika makundi manne: yasiyotengwa, yanayoweza kuwa jina la safu lakini si la funksheni wala aina ya data, yanayoweza kuwa jina la funksheni au aina ya data, na yaliyotengwa kabisa. Neno linaloanzisha amri kwa kawaida halihitaji kutengwa, kwa kuwa mahali hapo hakuna jina la jedwali wala la safu linaloweza kutokea likamchanganya mchanganuzi, yaani sehemu ya programu inayosoma amri. VACUUM, amri ya kusafisha majedwali, kwa mfano, halijatengwa hata leo. OFFSET, neno la kuruka safumlalo za mwanzo za matokeo, limetengwa kwa sababu nyingine: hufuata jina la jedwali, mahali ambapo mtu angeweza pia kuandika jina la mkato, na Bison, programu inayomtengeneza mchanganuzi kutokana na sarufi, isingejua ni lipi kati ya hayo mawili. Faili la gram.y, lenye sarufi hiyo, limeamriwa lisikubali mgongano hata mmoja wa namna hiyo, kwa hiyo liwekeni archive katika kundi la kwanza, kisha mjenge upya. Mgongano ukiwapo, Bison yenyewe itawaambia.

Neno hilo lazima pia liwe katika kwlist.h, faili la orodha ya maneno, kwa kufuata mpangilio wa alfabeti na likiwa katika kundi lilelile mlilolitaja kwenye gram.y. Tangu toleo la 14, kila neno huonyeshwa pia kama linaweza kuwa jina la safu ya matokeo bila AS kutangulia. Hati ya programu (script) ya check_keywords.pl hulinganisha mafaili hayo mawili na kusimamisha ujenzi yanapohitilafiana. Nimewahi kuona watu wakiizima kwa kuiona kero, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uzembe mtupu. Fahamuni vilevile kwamba PL/pgSQL, lugha ya kuandikia funksheni ndani ya PostgreSQL, ina orodha zake za maneno, ambazo hati hiyo haizigusi.

Kutenga neno kuna gharama hata kwa wakubwa: hifadhidata nyingine, MySQL 8.0, ilipoleta funksheni za dirisha (zinazokokotoa juu ya safumlalo zinazohusiana), RANK na GROUPS yakatengwa, na majedwali yaliyoitwa groups yakaanza kutoa kosa la sintaksia namba 1064 hadi jina lilipozungushiwa alama za nukuu za MySQL.

Kuhusu nakala rudufu, pg_dump, programu inayozitoa, huweka nukuu kwa kufuata orodha ya maneno iliyojengwa nayo, ndiyo maana ile ya zamani iliandika archive bila nukuu. Mkishaliondoa neno hilo katika kundi la yaliyotengwa, nakala hizo zitarejeshwa bila kuhaririwa. Siku mtakapolazimika kulitenga neno fulani kweli, toeni nakala kwa pg_dump ya toleo jipya, au tumieni chaguo la --quote-all-identifiers, ambalo huyazungushia nukuu majina yote.