Dalali akisema kiwanja kimepimwa, kumbe hakijapimwa

Umeuliza kama dalali aliyekuuzia kiwanja cha Nala, Dodoma, kwa kusema kimepimwa kumbe hakijapimwa, anawajibika. Ndiyo, anawajibika, na muuzaji pia. Sheria ya Mikataba (Sura 345), kifungu cha 17, inahesabu udanganyifu wa wakala kuwa wa aliyemtuma, hivyo unaweza kuuvunja mkataba huo wa kiwanja. Dalali mwenyewe, kama alijua hakijapimwa na bado akapokea hela yako, ana kesi ya jinai: kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu.

Ila "bei itapanda, serikali yote imehamia Dodoma" ni maneno ya biashara tu, humshiki kwa hayo. Anabanwa akidanganya jambo linaloweza kuthibitishwa: kimepimwa, hakina mgogoro, mwenye hati ndiye huyu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuponea chupuchupu. Dalali alinionyesha jiwe la mpaka lenye saruji mbichi kabisa! Nikaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, namba ya kiwanja ikaja na jina la mtu mwingine.

Usifute meseji zake wala sauti za WhatsApp. Yale ya mdomo chini ya mwembe atayakana.